Kaka ameleta hesabu ya ganzi ya laki na sitini: tumwamini?

Assalaam alaykum mama,

Nakuandikia kutoka Lamu, mtaa wa Langoni. Sisi ni ndugu sita. Baba ametangulia mbele ya haki, mama tunaye. Kaka yetu wa kwanza yuko Marekani, Columbus, tangu mimi nikiwa darasa la nne. Ndiye aliyetusomesha. Paa la nyumba tunayokaa alilitia yeye. Kila Ramadhani pesa zake hufika kabla mwezi haujaandama, na hakuna anayemkumbusha. Nataka ulijue hilo kwanza, kwa sababu linalofuata linaniuma.

Mwezi wa Januari alifanyiwa upasuaji wa bega. Aliingia hospitali asubuhi akatoka jioni, hakulala. Mwezi wa pili akatuomba tumchangie dola 300 za daktari. Tulishangaa, maana hajawahi kuomba, lakini tulichanga na mimi ndiye niliyezituma. Sasa amerudi tena. Amepiga picha karatasi akaitia kwenye grupu la familia, akasema hii ni hesabu ya sindano ya ganzi, dola 1,240. Mpwa wangu aliye chuoni akapiga hesabu: karibu shilingi laki moja na sitini elfu. Ya ganzi peke yake!

Mama, mimi mwaka jana niling'olewa jino la mwisho. Nilidungwa ganzi mara mbili maana ya kwanza haikushika, na yote pamoja na jino lenyewe haikufika elfu mbili. Basi ndugu zangu wakawaka. Dada anayenifuata akaandika pale pale kwenye grupu: "Bima anayo miaka yote, sasa hiyo ni bima gani isiyolipa sindano?" Mpwa akaivuta picha akaisoma vizuri, akakuta juu imeandikwa kwa Kiingereza kwamba karatasi hiyo si bili. Hapo mambo yakaharibika kabisa. Wifi yangu, mke wa ndugu yetu wa mwisho, akasema wazi kwamba kaka ameingia kwenye kamari, au ana mambo anayotuficha, na sasa anatafuta kwetu pesa za kuzibia.

Kaka aliyasoma yote. Akatoka kwenye grupu bila neno. Tangu siku hiyo hampigii mtu simu ila mama, na mama akimaliza kuzungumza naye hulia. Anasema, "Mwanangu hasemi urongo," na wengine wanamnyamazisha.

Kuna jambo la pili. Mama ana uvimbe mgongoni. Daktari amemwambia ni mafuta tu, unaweza kutolewa kwa ganzi akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Tulikuwa tumeweka pesa kidogo kwa ajili hiyo. Ndugu yetu wa mwisho anataka kuuza injini ya boti yake ili kaka atumiwe zote mara moja. Wifi amesema injini ikiuzwa, yeye anarudi kwao Faza.

Pesa za familia ninazishika mimi. Je, ganzi inaweza kufika kiasi hicho? Mtu mwenye bima anadaiwaje? Na nikiwa na pesa za mmoja tu, nimpe nani, mama au kaka? Kaka mwaka huu ametimiza miaka 66, na bado anafanya kazi kwenye ghala moja kubwa.

Dada wa Langoni, Lamu

*

Wa alaykum salaam, mwanangu.

Nianze na linalokunyima usingizi. Kwa yote uliyonieleza, sioni mahali kaka yako amewadanganya. Yale maneno aliyoyaona mpwa wako, kwamba karatasi si bili, ndiyo yanayonifanya nimwamini zaidi. Tapeli angewaletea bili. Yeye amewaletea karatasi ambayo kila mtu mwenye bima Marekani huipata, na ambayo hata waliozaliwa huko huisoma vibaya.

Ukitibiwa Marekani, hospitali hupeleka madai yake kwa kampuni ya bima. Bima ikishayapitia, hukutumia wewe mgonjwa maelezo: hospitali imedai kiasi hiki, sisi tumekubali kiasi hiki, tumelipa hiki, na wewe unaweza kudaiwa hiki. Juu yake huandikwa kwamba si bili, kusudi mtu asikimbilie kulipa. Bili yenyewe hutoka hospitalini baadaye.

Sasa mwambie mpwa wako aifungue tena ile picha, atazame safu za tarakimu. Safu ya kwanza huwa ni bei iliyotajwa na hospitali, na bei hiyo mara nyingi ni kubwa kupita kiasi. Inayofuata ni bei ambayo bima imekubaliana na hospitali kwa mkataba, na hapo tarakimu hushuka sana. Safu ya mwisho ndiyo fungu la mgonjwa. Nashuku sana kwamba hiyo 1,240 ameitoa kwenye safu ya kwanza. Kaka yako yumo kwenye maumivu ya bega, ameona nambari kubwa, ameingiwa na hofu. Anayedaiwa na kuogopa husoma nambari iliyo kubwa kuliko zote.

Kuhusu ganzi kufika pesa hizo: ndiyo, kwa bei ya kutajwa inafika, na si lazima iwe ganzi uliyodungwa wewe. Yako yaelekea ilikuwa lignokaini. Hiyo ni dawa ya zamani, ilitengenezwa Sweden mwaka 1943 na kuanza kuuzwa 1948. Haina mwenyewe tena, viwanda vingi duniani huitengeneza, ndiyo maana ni rahisi. (Na kama jino lako lilikuwa na usaha, ndiyo sababu sindano ya kwanza haikushika. Mahali penye uambukizo pana asidi, na ganzi hufanya kazi kwa shida. Daktari wako hakukosea.) Ipo nyingine, bupivakaini, ya mwaka 1957, inayodumu saa nyingi zaidi. Nayo pia si ghali.

Lakini kwa upasuaji wa bega, Marekani siku hizi madaktari wengi hutumia bupivakaini iliyotiwa ndani ya vijipovu vidogo sana vya mafuta, ili itoke polepole na kupunguza maumivu hata baada ya mgonjwa kufika nyumbani. Inauzwa kwa jina la Exparel. Iliidhinishwa mwaka 2011, na mwaka 2018 ikaruhusiwa kudungwa karibu na mishipa ya fahamu ya bega. Chupa moja ya mililita 20 huzidi dola 300 kabla hospitali haijaongeza chake. Juu ya hapo kuna kazi ya daktari wa ganzi aliyeidunga kwa kutazama picha ya mashine. Ukijumlisha, 1,240 si nambari ya ajabu kuandikwa kwenye karatasi.

Kwa nini hospitali ichague ya ghali? Kwa sababu Marekani imepoteza watu wengi mno kwa vidonge vikali vya maumivu vya jamii ya afyuni. Watu walitoka hospitalini na kopo la vidonge baada ya upasuaji, wengine hawakuweza kuviacha, na wengi wamekufa. Kwa hiyo dawa yoyote inayompunguzia mgonjwa haja ya vidonge hivyo hupewa nafasi. Hilo ni jambo jema. Lakini lazima nikueleze na upande wa pili. Mwaka 2021 jarida la madaktari wa ganzi wa Marekani, Anesthesiology, lilichapisha tafiti zilizoona kwamba faida ya dawa hii juu ya bupivakaini ya kawaida ni ndogo. Kampuni inayoitengeneza ililishtaki jarida, na mahakama ikaitupa kesi. Kwa hiyo mgonjwa ana haki ya kuuliza, kabla ya kudungwa: daktari, ile ya kawaida haitanitosha? Kaka yako hilo limeshampita, lakini wewe na mama bado linawahusu.

Sasa swali la dada yako: bima gani isiyolipa sindano? Swali lake ni zuri, alikosea pa kuliuliza tu. Bima za Marekani karibu zote hulipa. Tatizo ni kwamba hazilipi kuanzia dola ya kwanza, na kila moja ina njia yake.

Kwa kuwa kaka yako anafanya kazi, tuanze na bima ya kazini. Bima hizi nyingi zina kiwango cha kwanza ambacho mgonjwa hukilipa mwenyewe kila mwaka kabla bima haijatia mkono mfukoni. Kwa wengine ni mamia ya dola, kwa wengine ni maelfu. Kiwango kikishatimia, bima huanza kulipa sehemu kubwa na mgonjwa hubakia na asilimia fulani, mara nyingi 20. Halafu kuna kikomo cha mwaka: ukishalipa kiasi hicho kwa matibabu yaliyomo kwenye bima, yanayobaki hulipwa yote na bima. Kwa mwaka 2025 sheria ilisema kikomo hicho kisizidi dola 9,200 kwa mtu mmoja.

Tuseme bei ya mkataba ya ile ganzi ni dola 340. Kama kaka hajakamilisha kiwango chake cha kwanza, atalipa zote 340. Kama amekikamilisha na fungu lake ni asilimia 20, atalipa 68. Kama amefika kikomo cha mwaka, halipi kitu. Na bima nyingine hazitaki hata kuiona ganzi peke yake. Huihesabu ndani ya bei ya upasuaji mzima, na hospitali hairuhusiwi kumdai mgonjwa kando. Dawa ni moja, chupa ni moja, na bei nne.

Hapa ndipo barua yako iliponigusa. Umesema upasuaji ulikuwa Januari. Kwa bima nyingi za huko, kiwango cha kwanza huanza upya tarehe 1 Januari. Yote aliyolipa mwaka uliopita yamefutika. Ukitibiwa Januari, wewe ndiye unayebeba mzigo wa mwanzo, lakini upasuaji huo huo ungefanywa Novemba, baada ya mwaka mzima wa kumwona daktari kwa lile bega, pengine angelipa kidogo sana. Kaka yako aliyekuwa na bima miaka yote bila kuomba mtu senti, na sasa anaomba, hana siri yoyote. Mwaka umemgeukia tu.

Umri wake una maana pia. Marekani mtu akitimiza 65 huwa na nafasi ya kuingia Medicare, bima ya serikali ya wazee. Aliye kazini anaweza kuwa nazo zote mbili. Mwajiri akiwa na wafanyakazi 20 au zaidi, bima ya kazini hulipa kwanza na Medicare hufuata nyuma. Ghala kubwa lina wafanyakazi zaidi ya 20, bila shaka. Kwa hiyo muulize kaka: umejiunga na Medicare, na hospitali inajua? Kama anayo na hawakuijua, kuna mlipaji wa pili ambaye hajaombwa kitu.

Na Medicare kwa ganzi ya namna hii imebadilika karibuni. Zamani kwa aliyepasuliwa hospitalini bila kulala, dawa hii ilizama ndani ya malipo ya upasuaji. Tangu 1 Januari 2025, kwa sheria iliyopitishwa kupambana na vile vidonge, Medicare huilipia kando, na mpango huo unaendelea hadi mwisho wa 2027. Mgonjwa hubakia na asilimia 20, baada ya kutoa kiwango cha kwanza cha mwaka, ambacho 2025 kilikuwa dola 257. Wenye bima ya nyongeza hulipiwa hata ile asilimia 20. Aliyelazwa wodini huhesabiwa kwa njia nyingine: hospitali hupewa fungu moja kwa ugonjwa wote, na ganzi haimo kwenye bili yake kama kitu cha peke yake. Medicaid, ambayo ni ya wenye kipato kidogo, humwachia mgonjwa kiasi kidogo sana au hapana kabisa. Asiye na bima yoyote ndiye anayetajiwa ile bei kubwa, na hata yeye asikubali kuilipa kabla ya kuzungumza.

Umesema kaka ameomba mara mbili kwa upasuaji mmoja. Hili nalo ni la kawaida huko. Fikiria safari ya boti kutoka Lamu hadi Kiunga ambapo nahodha anadai chake, mwenye boti chake, na mwenye mafuta chake, kila mmoja kwa siku yake. Upasuaji wa Marekani ni hivyo. Daktari mpasuaji ana bili yake, hospitali yake, daktari wa ganzi yake, na kama kipande kilipelekwa maabara, maabara nayo inaleta. Zile dola 300 zilikuwa za daktari. Hii ni nyingine. Msishangae ikija ya tatu.

Nenda sasa kwa kaka. Mpigie wewe mwenyewe, kwa sauti, asubuhi ya kwao, na usimwandikie kwenye grupu. Mweleze kwanza kwamba unamwamini. Halafu mwombe mambo haya.

Asilipe chochote kwa karatasi ile. Angoje bili ya hospitali, na ikija aiombe yenye mchanganuo, kila dawa na bei yake. Ailinganishe na safu ya mwisho ya karatasi ya bima. Zikitofautiana, apige simu kwa bima kabla ya kupiga simu hospitali. Kama bima imekataa kuilipia ganzi, bima za kazini hutoa siku 180 za kukata rufaa, na rufaa ni barua tu, daktari wake humwandikia.

Aangalie kama daktari wa ganzi ana mkataba na bima yake. Hili huwaumiza wengi, kwa sababu mgonjwa huchagua hospitali na mpasuaji, lakini wa ganzi hukutana naye mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Tangu 1 Januari 2022 iko sheria Marekani ya kuzuia bili za kushtukiza: hospitali ikiwa na mkataba na bima yako, daktari wa ganzi asiye na mkataba haruhusiwi kukudai zaidi ya ambavyo ungelipa kwa mwenye mkataba. Akidaiwa zaidi, asilipe, alalamike.

Halafu, na hili nakuomba umsisitizie hata akiona aibu, aulize hospitali kuhusu msaada wa malipo. Hospitali nyingi za huko zimesajiliwa kama zisizo za faida, na kwa sheria ya kodi lazima ziwe na utaratibu ulioandikwa wa kuwasamehe au kuwapunguzia wasiojiweza. Ana siku 240 tangu bili ya kwanza kuomba, na hospitali hairuhusiwi kumpeleka mahakamani au kumchafulia jina kwa wakopeshaji kabla ya siku 120. Wako watu wengi wa kwetu huko ambao hulipa kwa kadi ya mkopo yenye riba, na fomu ya msaada iko pale kwenye meza ya mapokezi. Wanaona kuomba ni kujishusha. Si kujishusha. Ile sheria imewekwa kwa ajili yao.

Wasipomsamehe, waombe malipo ya kila mwezi bila riba. Hospitali nyingi hukubali.

Sasa umeiona hesabu ya muda. Kaka ana miezi ya kupumua. Kwa hiyo mwambie ndugu yako wa mwisho, kwa upole maana moyo wake ni mzuri, injini isiuzwe. Injini ndiyo riziki ya nyumba yake, na bili yenyewe haijaja. Pesa uliyonayo impe mama.

Na kwa mama usiende ukiwa hujajiandaa. Tangu 1 Oktoba 2024 NHIF, ile bima ya afya ya taifa ya Kenya, haipo tena, nafasi yake imechukuliwa na SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii. Watu wengi wamejisajili kwa *147# wakadhani wamemaliza. Kujisajili kunatosha kwa zahanati na vituo vya afya, ngazi ya pili na ya tatu, ambako huduma za msingi hulipiwa na serikali. Ukipanda hadi hospitali ya ngazi ya nne na kuendelea, lazima mchango uwe umelipwa. Asiye na mshahara hulipa wa mwaka mzima kwa mkupuo, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, kulingana na jinsi kipato cha nyumba yenu kilivyokadiriwa. Thibitisha leo kama wa mama umelipwa. Kama haujalipwa, fungu la kwanza la zile pesa liende huko.

Kisha muulize daktari wa mama, kabla ya kupanga siku: uvimbe unaweza kutolewa kituo cha afya, au lazima hospitali? Ganzi, nyuzi na bandeji zipo, au tutatumwa duka la dawa? Hapa kwetu ndipo ganzi inapotutoka mfukoni. Lignokaini haina bei kubwa, lakini stoo ikikauka mgonjwa huandikiwa karatasi akanunue nje, na pesa hizo hazirudi. Ukijua mapema, utatafuta kwa bei nzuri badala ya kukimbia huku mama amelala kitandani. Uliza pia kama kipande kitapelekwa maabara, na gharama yake ni ngapi. Kipelekwe, hata kama daktari ana hakika ni mafuta.

Mama aseme kama ana presha au ugonjwa wa moyo na dawa anazokunywa, kwa sababu ganzi nyingine huchanganywa na adrenalini, na daktari atapima kiasi. Aseme pia kama aliwahi kudungwa ganzi akasikia vibaya.

Lililobaki ni la ndugu zako, na hapa nitasema kama mzazi. Wifi yako amesema neno zito mbele ya watu, juu ya mtu aliyelisha nyumba hiyo kwa miaka mingi. Sikwambii umgombeze, maana naye anailinda riziki ya watoto wake, na hofu humfanya mtu aseme zaidi ya alilokusudia. Lakini aliyasema kwenye grupu, basi ayarekebishe pale pale, baada ya mpwa wako kuwaeleza wote zile safu za karatasi. Mpwa ndiye aliyeisoma nusu, naye ndiye anayefaa kuimalizia. Kaka akirudishwa kwenye grupu, mama awe wa kwanza kumsalimia.

Bili ya hospitali ikishafika, nitumie nakala baada ya kufuta jina lake na nambari zake zote, pamoja na ile karatasi ya bima. Nitaisoma nawe mstari kwa mstari, na kama kuna la kuandikia rufaa, tutaliandika.